Malalamiko kuhusu kostiki soda iliyopoteza nguvu na kipeperushi chenye vipimo vya hatari

Kikundi cha Watengeneza Sabuni,
Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Mombasa.

Bwana/Bibi,

KUH: GUNIA LA KILO 25 LA KOSTIKI SODA LISILOFIKIA USAFI WA 98%

Tulipopiga simu kulalamika kwamba kostiki soda yenu, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inatupa sabuni laini inayotoa mafuta, ofisi yenu ilijibu kwamba sabuni imeharibika kwa sababu tunatumia mafuta yaliyokwisha kukaangia. Jibu hilo hatulikubali, na sababu zetu ni hizi.

Mafuta yetu ni mabaki ya karai za bajia, viazi na mahamri. Huchujwa kwa kitambaa, yakachemshwa na maji ya kiasi hicho hicho pamoja na kijiko kikubwa cha chumvi kwa kila lita, yakalazwa usiku kucha. Asubuhi mafuta huenguliwa juu na kupashwa moto taratibu mpaka yaache kutokota, maana maji yakibaki ndani, mizani inadanganya. Kilo 1 ya mafuta ya mawese, na mafuta mengi ya kukaangia yanayouzwa humu nchini ni ya mawese, huhitaji takriban gramu 141 za kostiki halisi. Tunapunguza asilimia 5 ili sabuni isibabue ngozi, zinabaki 134. Kwa kuwa gunia lenu limeandikwa 98%, tunapima 137.

Kwa kipimo hicho, kostiki yenu ilitoa sabuni laini inayotoa mafuta. Msituambie ni unyevu wa pwani. Tunajua kuwa sabuni hutoka jasho hapa, lakini jasho hilo ni gliserini, kiowevu kinachozaliwa ndani ya sabuni inapotengenezwa, iliyovuta maji ya hewani; ukilipangusa kwa karatasi, karatasi hukauka ikabaki safi. La sabuni hii liliacha doa la mafuta lisilokauka, kisha vipande vikaota madoa ya rangi ya chungwa na kunuka mafuta yaliyochacha. Mafuta ya dumu lile lile, kwa mizani ile ile, yalipochanganywa na kostiki ya zamani iliyokuwa imefungwa ndani ya chupa ya plastiki, yalishika vizuri na kutoa mche mgumu. Kilichobadilika ni kostiki peke yake.

Gunia lenyewe lilipopokelewa gati ya Mokowe lilikuwa limeshonwa upya kwa mkono. Nailoni ya ndani ilifungwa fundo tu, haikuzibwa kwa moto. Hapakuwa na tarehe ya kufungwa wala namba ya toleo. Chini chembe zilikuwa zimegandamana bonge moja lililotaka nyundo. Bonge la namna hiyo halifanyiki kwa safari ya lori na boti. Kostiki ilikaa wazi kwa muda ghalani. Ikikaa wazi hunyonya maji, kisha huvuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka magadi, yale yale yanayochimbwa ziwani Magadi. Tulidondosha siki juu ya chembe zenu, zikatoa povu. Kostiki safi hupata joto tu, haitoi povu.

Pia ilipimwa kwa asidi. Gramu 1 ya kostiki safi kabisa humaliza mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya molari 1 (molari ni kipimo cha ukali wa asidi). Ya 98% humaliza 24.5. Yenu ilimaliza 20.5, yaani 82%, na hapo sehemu ya magadi imehesabiwa kama kostiki, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Gramu 137 za kostiki kama hiyo zina 112 tu zenye kazi. Takriban sehemu moja kati ya tano ya mafuta hubaki mafuta ndani ya sabuni.

Kuongeza kipimo si dawa. Juu ya gunia na chini ya gunia nguvu hailingani, na anayekisia kostiki anachezea ngozi za wateja wake.

Jambo la pili linatutia wasiwasi kuliko hasara ya gunia: kipeperushi mnachowapa wanaoanza biashara. Kinasema robo kilo ya kostiki kwa lita moja na nusu ya mafuta, "mafuta yoyote". Lita moja na nusu ina uzito wa takriban kilo 1.37. Kama ni mafuta ya nazi, robo kilo inakaribia kutosha sawasawa, bila ziada ya mafuta. Kama ni ya kukaangia, yanahitaji gramu 193 hivi. Zaidi ya gramu 50 za kostiki zitabaki hai ndani ya sabuni, na hizo zinaunguza. Hata kuiacha ikomae wiki sita hakutaziondoa.

Kipeperushi hicho hicho kinasema mtu aweke kostiki kwenye sufuria kisha amwagie maji. Makosa mawili kwa sentensi moja! Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Kostiki huzila na kutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Maji yakimwagwa juu ya kostiki hutokota ghafla na kuruka usoni. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo, ndani ya ndoo ya plastiki ngumu, mahali penye upepo, mtu akiwa amevaa glavu na miwani.

Tunadai mambo haya ndani ya siku 14: kostiki mpya kwenye ndoo iliyozibwa, yenye tarehe, namba ya toleo na cheti cha kipimo, nauli ya lori na boti, kwenda na kurudi, na kipeperushi kiondolewe madukani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo ya kuzitumia vizuri. Mkinyamaza, tutalipeleka suala hili mbele chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Gunia na vipande vya sabuni vimehifadhiwa ili mvikague, na picha zimeambatishwa. Mtu wenu akija, aje na chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubebea sampuli. Ile nailoni imeshatoboka.

Wenu waaminifu,
Watengeneza Sabuni, Langoni.