Salamu za Shukrani kwa Wote Mliomsindikiza Maalim Wetu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi mjane, watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu baba yetu, mpiga fidla na mwalimu ambaye hapa mjini Unguja wengi walimwita Maalim tu, bila ya jina, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipolazwa hadi ilipokwisha hitma. Tulianza kumpigia simu kila mmoja, tukashindwa. Tuwieni radhi, na pokeeni shukrani zetu kwa njia hii.

Tunaanza na madaktari na wauguzi waliomuuguza, hasa yule dada wa zamu ya usiku aliyekubali fidla ikae chini ya kitanda. Baba hakuipiga, mikono ilikwishaishiwa nguvu. Lakini kila akizindukana usiku hushusha mkono akalipapasa kasha, na akishajua lipo, hulala. Dada yetu, wema ule hatutausahau.

Tunawashukuru imamu wa msikiti wetu na wote waliomsalia, vijana waliochimba kaburi Mwanakwerekwe jua likiwa utosini, kina mama waliokesha na mama yetu, na majirani walioleta mchele, sukari na majamvi bila ya kuulizwa. Wanafunzi wake waliotoka Dar es Salaam kwa boti walikuta tumeshazika, wakenda moja kwa moja makaburini na mabegi yao mgongoni. Na nyinyi wa Maskati mliosoma Yasini huku simu ikiwa wazi, tulikusikieni.

Wapo waliouliza kwa nini hapakupigwa hata bashrafu moja, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, kumuaga. Ni yeye aliyeusia hivyo. Alisema msiba una adabu zake na taarab ina siku zake, na katika umri wake wote hakuchanganya viwili hivyo. Wana taarab wa vikundi vyote walifika, wakakaa chini wakasoma pamoja na watu. Tunawashukuru sana kwa heshima hiyo.

Asubuhi baba alifundisha skuli. Baada ya sala ya alasiri baraza yetu ndiyo ilikuwa skuli ya pili. Zaidi ya miaka arobaini, hatukumbuki mtoto aliyeambiwa alete ada. Mwanafunzi mpya hapewi upinde wiki ya kwanza. Huimba kwanza, mpaka sikio likae sawa, kwa sababu shingo ya fidla haina alama ya kumwambia mtu akamate wapi. Katika Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ile sauti ya tatu, ambayo kinanda hakina, aliifundisha kwa kuweka kidole chake juu ya kidole cha mtoto, akakisogeza kiasi cha punje ya mchele. "Hapo," anasema. Kisha anauondoa mkono, na mtoto aitafute mwenyewe. Sisi watoto wake tulilelewa na neno hilo moja, "hapo", likitokea barazani mpaka adhana ya magharibi.

Hakumwachia mtu apige nyimbo asizozijua zilikotoka. Kila mwanafunzi alijua kwamba kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kilianza mwaka 1905, na kwamba mwimbaji Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Habari za Bi Siti alizirudia zaidi kwa wasichana, na kwa wazazi waliokuja kuwatoa binti zao darasani. Wengi wa wazazi hao walirudi nyumbani peke yao, binti akabaki barazani.

Siku ya nne ya msiba alikuja mtoto wa kike kutoka shamba, pamoja na mjomba wake, fidla kaifunga kwa kanga. Uzi ulikatika, na kwao habari za kifo zilikuwa hazijafika. Alipoambiwa alisimama pale pale mlangoni, kaikumbatia. Kaka yetu mkubwa aliipokea, akatafuta uzi katika makopo ya baba, akaufunga, akaukaza kidogo kidogo huku akisikiliza. Ndiyo mara ya kwanza sauti ya fidla kusikika nyumbani tangu msiba, na mama, aliyekuwa chumbani katika eda, alilia tukamsikia.

Kama ilivyo desturi, mwenye kumdai marehemu tunamwomba afike kwetu, au awasiliane na kaka yetu, ili deni lilipwe. Kuhusu wanaodaiwa na yeye: tumelikuta daftari lake la fidla na nyudi alizoazima watu, mwandiko wake, na tarehe. Ala nyingi bado ziko kwenu. Tumekaa kikao cha familia na mama ameridhia: msizirejeshe. Tunaomba jambo moja tu, kila aliye na ala ya Maalim amfundishe mtoto mmoja, bila ya ada.

Baraza itafunguliwa tena baada ya arobaini, wakati ule ule, baada ya alasiri. Wanafunzi wake wawili wakubwa wamekubali kupokezana.

Mwenyezi Mungu amghufirie baba yetu, alinawirishe kaburi lake, na akulipeni nyote kheri. Amin.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Binti yake mkubwa, kwa niaba ya familia
Unguja