Asante, muuguzi uliyenishika mkono

Mwanangu, sikukuuliza jina. Miaka 6 kiuno kiliniuma. Pingili za chini za mgongo zimelika, hata kuinama nimwogeshe mjukuu nikashindwa. Nilijua nitapasuliwa mgongo mzima. Ukakaa nami, ukanieleza taratibu: sipasuliwi, matibabu yenyewe ni sindano ndefu, nyembamba, daktari anaiongoza kwa picha ya eksirei hadi kwenye viungio vya pingili. Ganzi kwanza, kisha ncha inapata moto na kuunguza mishipa midogo ya fahamu inayopeleka maumivu. Hukunidanganya: kilicholika hakirudi, na mishipa ile huweza kuota tena baada ya miezi. Ukweli huo ndio ulionituliza. Mkono wako sikuuachia mpaka mwisho. Jioni ileile nililala kwangu Mbagala. Juzi nimemwogesha mjukuu. Mungu akutunze, mwanangu.