Taa za ziada za pikipiki zisipigwe marufuku, zielekezwe chini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taa za ziada za LED zilizofungwa kwenye pikipiki nyingi hapa Mombasa, ambazo wenye magari wanazilalamikia kila uchao, na baadhi yao wanataka zipigwe marufuku. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda, na hubeba abiria kati ya Mikindani, Changamwe na Miritini hadi saa tano za usiku. Malalamiko yao nayakubali, lakini marufuku siyakubali. Kosa haliko kwenye taa, liko katika namna tunavyozifunga, na kulirekebisha hakuchukui hata nusu saa.

Anayeuliza kwa nini taa ya kiwandani haitutoshi hajapanda pikipiki usiku katika barabara hizi. Pikipiki nyingi ndogo tunazotumia zina balbu ya wati 35, na nyingine taa yake hufifia kila unapopunguza mafuta, yaani pale pale unapokaribia tuta au shimo na unapohitaji kuona zaidi. Kando ya barabara ya Nairobi matrela huegeshwa gizani bila alama yoyote nyuma, na wauza maji husukuma mikokoteni isiyo na hata kipande cha kiakisi mwanga. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hukata takriban mita 14 kila sekunde. Ukiliona trela likiwa mita 20 mbele yako, huna hata sekunde moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo huisha kabla mkono haujakaza breki.

Iko faida nyingine isiyotajwa sana. Taa moja peke yake usiku humdanganya dereva anayekuja, kwa sababu hawezi kujua kama ni pikipiki iliyo karibu au gari la mbali lililoungua taa ya upande mmoja. Taa mbili ndogo zikifungwa chini, kulia na kushoto, hufanya pembetatu pamoja na ile kubwa, na pembetatu hiyo hupanuka machoni mwa dereva kadiri unavyomkaribia, naye akatambua kuwa kuna mtu anakuja na yuko umbali gani kabla hajaamua kulipita gari lililo mbele yake.

Sasa nieleze makosa yangu mwenyewe, maana nimeyaona yakifanywa na wenzangu wengi. Nilinunua taa zangu katika duka moja mjini, ndani ya boksi lililoandikwa wati 120. Fundi aliyezifunga alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, hakuweka fyuzi wala rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa), akasokota maungio kwa mkono na kuyazungushia tepu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na msimu ulikuwa wa mvua za masika. Mwezi haukuisha shaba ikawa ya kijani, na usiku mmoja nikiwa nimempakia mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka zamu, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua katikati ya mapaja yangu, kisha taa zote zikazimika kwa pamoja, hata ile ya nyuma. Tulisimama kando ya mtaro tukimulikwa na simu yake.

Fundi wa pili, mzee aliyeanza na umeme wa malori, alitoa mita yake akazipima taa zile. Zilikuwa zinakula ampea 1.6. Zidisha kwa volti 12 utapata wati 19, si 120 za kwenye boksi. Akaniambia nishukuru kuwa boksi limedanganya, kwa kuwa wati 120 ni ampea 10, na mzigo huo pikipiki ndogo haiwezi kuubeba huku ikiendelea kuchaji betri. Aliweka rilei inayowashwa na ufunguo, ili taa zizimike injini inapozimwa, akaweka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, akalehemu kila ungio na kulipaka grisi, kisha akafunga swichi ya peke yake kwenye mkono wa kushoto wa usukani. Hadi leo sijabadilisha hata fyuzi.

Umeme ulikuwa umetengenea, lakini upande wa taa zenyewe nilikuwa bado sijajua kitu. Nilizielekeza jioni, pikipiki ikiwa imesimama tupu, nikaona nuru imekaa vizuri barabarani. Siku ya tatu nilipakia abiria mwenye gunia la viazi, na kwenye kona moja nikakutana na tuktuk iliyobeba mwanamke na mtoto. Tuktuk iliyumba, gurudumu la kushoto likatoka kwenye lami, ikasimama ikiwa imeinama juu ya kokoto. Nilikimbia kwenda kuwasaidia. Dereva hakunitukana, na nadhani ningepata nafuu kama angenitukana. Aliweka kiganja mbele ya macho akasema, “Sikukuona wewe, kaka. Niliona weupe tu.” Nikageuka kuitazama pikipiki yangu, ambayo bado ilikuwa ikinguruma na abiria wangu juu yake, nami pia sikuiona. Niliona weupe tu.

Sababu ni nyepesi kuielewa ukishaambiwa. Abiria na mzigo hukaa nyuma, springi za nyuma hubonyea, na pua ya pikipiki huinuka pamoja na taa zake. Nuru iliyokuwa lamini sasa imo machoni mwa watu. Kwa hiyo taa hupimwa pikipiki ikiwa imebeba watu wawili. Isimamishe mita 7 kutoka ukutani, mahali palipo sawa, mwendeshaji na abiria wakiwa wamekaa. Pima urefu wa taa kutoka ardhini, na ukutani piga mstari ulio sentimita 10 chini ya urefu huo. Kitovu cha mwanga kisivuke mstari. Taa iliyofungwa sentimita 60 kutoka ardhini, ikishushwa hivyo, itaigusa lami mita 42 mbele, na kwa mwendo wa kilomita 50 hizo ni sekunde tatu kamili za kuona.

Hata hivyo taa nyingi za bei nafuu hazina ukingo wa juu unaokata mwanga, na humwaga nuru kila upande hata zikielekezwa chini. Hizo ni za barabara tupu, na ndiyo maana ya ile swichi ya peke yake: ukiona gari linakuja unazizima, kama vile unavyotoa fulu na kuweka dimu. Na wale wanaobadilisha taa nzima ya mbele waangalie imetengenezwa kwa nchi gani, kwa sababu taa ya nchi zinazoendesha upande wa kulia huinua nuru yake kulia, na kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako.

Ninachokiomba kwa maafisa wa trafiki ni kwamba wanapotusimamisha usiku watazame taa zinapiga wapi, badala ya kuhesabu ziko ngapi. Viongozi wa steji nawaomba watenge jioni moja kwa mwezi ya kupimana. Nanyi madereva wa matrela na magari ya binafsi, mnaotulalamikia kwa haki, mtushushie fulu zenu pia, maana sisi hatuna kioo cha mbele wala paa, na mtu akipofushwa juu ya magurudumu mawili hana cha kumshika.

Katika steji yetu tumeshaanza. Mwenye bohari lililo karibu ametukubalia tupige mstari wa rangi nyeupe kwenye ukuta wake, na mita 7 kutoka hapo tumeweka alama nyingine ya gurudumu la mbele. Wiki iliyopita tulipima pikipiki 11, na 8 zilikuwa zinapiga juu ya mstari. Ilitosha spana namba 10 na mtu mmoja wa kukaa nyuma.

Mwendeshaji wa bodaboda,
Mikindani, Mombasa