Salamu za Shukrani: Harusi Imekwisha, Limebaki Zulia

Assalaam alaykum.

Sisi familia ya bibi harusi, Mji Mkongwe, Unguja, tunawashukuru nyote mliotusitiri katika harusi ya binti yetu Jumamosi iliyopita. Jamaa wa Ngazija, Dar es Salaam na Dubai, ahsanteni. Wakwe zetu wa Usangi, Upareni, mliopanda basi na boti mkafika mnacheka, nyinyi ndio hasa tunaowaandikia.

Mtuwie radhi kwa ya ukumbini. Marehemu babu yetu alitoka Bushehr, Uajemi, kwa jahazi, na kwao bibi harusi akiulizwa na shehe mara ya kwanza hajibu. Wanawake humjibia: "Kaenda kuchuma maua!" Mara ya pili, kaenda kuleta marashi. Ya tatu ndipo anasema, "Kwa idhini ya wakubwa zangu, bale," yaani ndiyo. Tulisahau kuwaambieni. Tunamshukuru baba mdogo wa bwana harusi aliyesimama akauliza, "Maua gani, na mtu huyu hapa kakaa?" Tunawashukuru zaidi waliomkalisha kabla hajadai mahari irudi.

Sukari ya bonge, ambayo kwa Waajemi husuguliwa juu ya kitambaa kilichotandwa juu ya vichwa vya maharusi, ilikosekana Darajani nzima. Bibi akatoa sukari guru yake. Shela iko kwa dobi. Bibi, ambaye ni wa Makunduchi, anaomba pia ijulikane kwamba Mshirazi wa asili ni yeye. Mumewe alikuja juzi tu. Shahidi wake ni msikiti wa Washirazi wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107. Ubishi huo ndio uliotuachia miaka mipya miwili: Machi, ule wa Kiajemi, tunapaka mayai rangi, Julai tunakwenda Mwaka Kogwa kupigana kwa migomba.

Mama wa bwana harusi, ukoko ule haukuwa dharau. Tunajua mgeni haandaliwi ukoko. Lakini kwa Waajemi ule mwekundu wa chini ya sufuria ndio firigisi yao. Humu ndani mna shangazi wawili hawasemezani tangu Idi kwa kipande kimoja.

Sasa zulia la sebuleni. Baba mkubwa wa bwana harusi alilisifu, na baba yetu, kwa adabu za babake, akajibu, "Ni lako." Hapo mgeni wa Kiajemi hukataa, akabembelezwa, akakataa tena. Baba mkubwa alisema ahsante, akalikunja. Tumesikia limefika Usangi salama. Tukimuuliza baba, anasema lilikuwa la mkwe tangu zamani. Msimsikilize. Mama kashakata tiketi ya boti ya asubuhi.

Wenu,
Familia ya bibi harusi