Dada yangu, mrudishie mwanao mpira

Dada yangu mpendwa,

Tangu siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba mpira wa mwanao umeufungia kabatini, sijatulia. Ulisema hutaki akimbie akajigonge, na hutaki kila akiugusa akumbuke macho yaliyokwenda. Sikukujibu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami ni mjomba tu. Lakini kuna mtu nataka umjue, na naandika hadharani kwa sababu kabati la namna hiyo haliko kwako peke yako.

Anaitwa Ricardo Alves, wapenzi wa mpira wanamwita Ricardinho. Alizaliwa mwaka 1988 huko Osório, kusini mwa Brazil, akiwa anaona. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zikaharibika, na alipofika miaka 8 giza lilikuwa limekamilika. Umri wake ulikuwa karibu sawa na wa mwanao. Mwaka 2006, kwenye mashindano ya dunia ya mpira wa miguu wa wasioona yaliyochezwa Buenos Aires, alichaguliwa mchezaji bora akiwa na miaka 17. Na usidhani alichaguliwa kwa kuwa timu yake ilibeba kombe: Brazil walifungwa fainali na wenyeji, Argentina. Kijana alirudi nyumbani na tuzo mkononi na kipigo moyoni, kama mchezaji yeyote.

Najua utauliza swali lako lile lile: wanachezaje bila kugongana? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kila timu ina wachezaji wanne wa ndani na kipa. Kipa anaona, ila haruhusiwi kutoka kwenye kieneo kidogo mbele ya goli lake. Wale wanne wote hufunikwa macho, hata asiyeona kitu kabisa, ili anayehisi mwanga kidogo asimzidi mwenzake. Mpira una njuga ndani, ukibiringika unalia. Uwanja una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na pembeni kuna kuta fupi zinazourudisha mpira ndani. Mchezaji akiugusa ukuta anajua alipo.

Kisha kuna neno moja, dada, ambalo naomba ulishike: "voy". Ni Kihispania, maana yake "nakuja". Anayekwenda kumkaba mwenye mpira, au kuutafuta mpira, lazima alitamke kwa sauti. Asipolitamka, refa anapuliza filimbi, ni faulo. Hofu yako ya kugongana wenyewe waliiona zamani, wakaitungia sheria. Sitakudanganya kwamba hawaumii. Wanagongana, wanaanguka, wengine huvaa vilinda kichwa. Lakini anayeanguka pale ameanguka akicheza, na anainuka anaendelea.

Sauti nazo zimegawiwa maeneo. Mpira ukiwa nyuma, anayeelekeza ni kipa. Ukiwa katikati, ni kocha. Ukifika mbele, kazi ni ya mwelekezi anayesimama nyuma ya goli la wapinzani, anamwambia mshambuliaji goli liko wapi, limebaki umbali gani, beki yuko upande upi. Kabla ya penalti anagonga mwamba huu, kisha ule, ili mpigaji asikie upana wa goli. Mimi hapo ndipo huwa nashindwa kuvumilia. Mtu anasimama kimya, anasikiliza chuma, halafu anapiga.

Na watazamaji wananyamaza. Mwaka 2016 Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, zilikuwa Rio, fainali ni Brazil na Iran. Hebu fikiria uwanja mzima wa Wabrazil wakijizuia kupumua kwa nguvu, ili vijana wao wasikie njuga. Ricardinho alicheza kama anavyocheza siku zote, mpira ukipita haraka haraka kati ya nyayo zake mbili, usimtoke sikioni hata kidogo. Alifunga yeye. Likawa goli pekee la mchezo, na hapo watu wakaruhusiwa kupiga kelele.

Ilikuwa dhahabu yake ya tatu, baada ya Beijing 2008 na London 2012. Ya nne aliipata Tokyo mwaka 2021, pale walipowafunga Argentina 1-0. Tuzo ya mchezaji bora wa dunia aliichukua tena 2014 na 2018. Tangu mchezo huu uingie Paralimpiki mwaka 2004 huko Athens, Brazil haikuwa imeangusha dhahabu hata moja.

Mpaka Paris, 2024. Nusu fainali na Argentina, dakika zikaisha bila goli, wakaenda kwenye mikwaju ya penalti, Brazil ikatolewa. Wafaransa ndio walioibuka mabingwa, na Brazil ikacheza mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, ikapata shaba. Nakueleza hili makusudi. Watu wakimsimulia mchezaji asiyeona huwa wanaishia kwenye medali, kana kwamba kuona huruma na kupiga makofi ndiyo heshima yote anayostahili. Mimi namheshimu Ricardinho zaidi kwa ile shaba. Alikuwa na miaka 35, timu ilikuwa imepoteza kitu ambacho haikuwahi kupoteza, na mechi ya mwisho ilikuwa bado inamsubiri.

Sisemi mwanao atafika huko. Wengi hawafiki, wenye macho na wasio na macho. Wala usimwambie kwamba atakuwa bingwa, utamtwisha mzigo ambao hakuuomba. Alichokuwa anataka kabla ya ugonjwa ni kucheza, na hakuna mahali daktari alipoandika kwamba hamu hiyo nayo imeondoka.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Fungua kabati. Mpira wenye njuga nitautafuta, lakini asisubiri mpaka nikaupata. Chukua huo huo wa zamani, uvalishe mfuko wa plastiki, ukaze fundo vizuri. Ukibiringika utachakarisha, ataufuata. Toa viti njiani, mwonyeshe ukuta kwa mkono wake, kisha mwachie nafasi. Usimwite kila hatua. Akiwa na mpira, nyumba nzima inyamaze, na wewe pia, hata kama moyo unakuenda mbio.

Mwisho wa juma nitakuja na kipande cha chuma. Nitasimama nyuma ya goli, nitagonga mwamba huu, nitagonga ule. Wewe utakaa golini. Yeye atatwambia "voy".

Ndimi mdogo wako