Usharika unanitaka niache falsafa. Nishaurini

Mhariri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, na tulio rika moja habari za siku.

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Old Moshi, Kilimanjaro. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja upande huu wa Arusha, nasoma teolojia, na pamoja nayo falsafa kama somo la pili. Chuo sikitaji kwa sababu shida yangu haikutoka huko. Usharika wangu, wa Kilutheri, pia naufichia jina, kwa kuwa nawapenda watu wake, na haya ninayokwenda kueleza yanaweza kuwafanya waonekane wabaya, ilhali si wabaya hata kidogo.

Nianze na deni. Nilipomaliza kidato cha sita, mkopo wa Bodi ya Mikopo nilioupata haukufika hata nusu ya ada. Baba ana kihamba cha migomba na kahawa kidogo, na tuko watoto watano. Jumapili moja mchungaji akanisimamisha mbele, akaeleza habari zangu, na baada ya ibada ukafanyika mnada pale nje. Anayezijua sharika za mlimani anajua mnada wetu ulivyo: mtu ananunua mkungu wa ndizi, kisha anautoa tena, unauzwa mara ya pili na ya tatu. Siku ile jogoo mmoja aliuzwa mara nne. Bibi mmoja mjane alileta mayai sita yamefungwa kwenye kitambaa, nami nilijua kabisa kwamba nyumbani kwake hakubaki na mengine. Zikapatikana shilingi 870,000, na tangu hapo kila muhula kamati hunichangia. Hakuna aliyeniwekesha sahihi mahali popote, lakini wote tunajua kwamba nikimaliza nitakuwa vikari, yaani mchungaji aliye mafunzoni, kisha nitabarikiwa uchungaji. Na mimi nataka hivyo. Naomba hili lieleweke kabla sijaendelea: nautaka uchungaji kwa moyo wangu wote.

Falsafa niliichagua bila kuijua, kwa sababu tu tulitakiwa kuwa na somo la pili. Kipindi cha kwanza kilinishika na hakijaniachia mpaka leo. Ugumu ni kwamba masomo haya mawili tunayasoma siku moja, chumba kimoja. Jumatatu moja asubuhi tulimsoma Hume, mwanafalsafa Mskochi wa karne ya 18, aliyelirudia swali linalohusishwa na Epicurus wa kale: Mungu anataka kuzuia uovu ila hawezi? Au anaweza ila hataki? Na kama anaweza na anataka, uovu unatoka wapi? Mchana wake, kwenye teolojia, tukafundishwa juu ya maongozi ya Mungu, yaani jinsi anavyoutunza na kuuongoza ulimwengu, na Hume hakutajwa. Nilitoka saa kumi nikautazama mlima Meru, kichwani nina watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Rafiki yangu wa sekondari, Mkatoliki, yuko seminari kuu ya Kibosho. Wao humaliza falsafa kwanza, ndipo wanakwenda seminari nyingine kusoma teolojia kwa miaka minne. Aliniambia, "Sisi tunamwaga msingi, tunausubiri ukauke, ndipo tunapandisha ukuta. Ninyi mnafanya yote asubuhi na jioni." Maneno hayo hunirudia mara nyingi. Sijui kama utaratibu wao ni bora. Najua kwamba wakati mwingine natamani mtu angenipa nafasi ya swali kukauka kabla sijapewa jingine.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama yangu mdogo, anayeuza mitumba soko la Kiboriloni, alifiwa na mtoto wake wa miaka sita. Malaria ilimpanda kichwani, na baada ya siku mbili hatukuwa naye. Tukamzika kihambani. Kesho yake shangazi zangu wakanivuta pembeni: "Wewe ndiye mwanateolojia wetu, kaa naye, mwambie neno." Nikakaa naye kwenye mkeka. Akaniuliza swali moja tu: "Mungu alikuwa anafanya nini siku zile mbili?"

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza kuandika insha juu ya Augustino. Kwa wasiomjua, ni mwalimu mkubwa wa Kanisa, Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi inayoitwa Algeria leo. Alifundisha kwamba uovu si kitu chenye kuwepo kwake chenyewe. Ni upungufu wa jema, kama giza lilivyo ukosefu wa nuru, na kwa hiyo Mungu hakuuumba. Insha ile nilipata alama A. Basi nikamweleza mama mdogo hayo, taratibu, kwa Kiswahili chepesi, nikiamini kwamba ninamsaidia.

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu ameuawa na upungufu." Akainuka, akaingia ndani, na siku zote zilizobaki za msiba hakusema nami tena.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mimi sikukaa hata dakika saba. Kila nikilikumbuka tukio lile mwili unanisisimka kwa aibu, na ninayaandika haya nikiwa na hali hiyohiyo.

Maneno yale yalisikika. Wakati wa Pasaka kamati ikaniita ofisini, mzee wa kanisa, mhazini na mwinjilisti. Waliongea nami kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi. Wakasema hawakunichangia nikajifunze kumfanya mfiwa alie mara mbili. Nimalize teolojia, falsafa niiache. Nikikataa, mwaka ujao mchango utakwenda kwa kijana mwingine wa usharika anayesomea ualimu. Mzee wa kanisa akafungua Wakolosai 2:8, pale Paulo anapoonya tusifanywe mateka kwa "elimu ya bure". Sikuweza kuficha ninachokijua: nikamwambia kwamba katika Kiyunani neno lililoandikwa pale ni filosofia yenyewe. Akatikisa kichwa, akasema, "Umeona?" Nilikuwa nimemkabidhi fimbo ya kunichapia, lakini kumnyamazia neno la Maandiko nisingeweza.

Niliyotaka kuyasema yalinijia usiku. Paulo huyohuyo, katika Matendo 17, alikwenda Athene akajadiliana na Waepikureo na Wastoiko, na alipohubiri pale Areopago alitumia maneno ya watunga mashairi wao. Luther naye, ambaye kanisa letu lina jina lake, majuma machache kabla ya zile hoja 95 za mwaka 1517, aliandika kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Kiyunani, kwa teolojia ni kama giza kwa nuru. Wazee wetu wangefurahi kuyasikia hayo. Lakini Luther alikuwa ameisoma falsafa kule Erfurt, na maandishi ya huyo Aristotle alikuwa ameyafundisha yeye mwenyewe darasani kule Wittenberg. Alipoikataa, aliikataa akiijua. Mimi nikiiacha sasa nitakuwa nimekiacha kitu nilichokigusa kwa ncha ya kidole.

Na ugomvi huu si wa Walutheri peke yetu. Rafiki yangu wa Majengo, Moshi, ambaye ni mwalimu wa madrasa, alinieleza kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa miaka 15 baada ya kifo hicho, akakijibu kwa kitabu kingine. Mmoja hakuishi kulisikia jibu la mwenzake. Lilinipa faraja kidogo hilo.

Hata hapo kwetu Old Moshi aliishi kwa miaka mingi mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902. Aliketi na wazee wetu akawauliza juu ya ukoo, ujirani na rika, akayaandika majibu yao kwa uzito kama anayeandika mambo ya wenye hekima. Bibi yangu bado humwita Mungu Ruwa, na Ruwa ni neno la jua pia. Kanisa halikulitupa jina hilo, limo katika sala zetu za Kichagga. Nilitamani kumuuliza mzee wa kanisa: mtu wa kwanza aliyeamua kwamba jina la jua linafaa kumwitia Baba wa Yesu, je, hakufanya falsafa?

Sikumuuliza. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Nimesikia, wazee wangu." Baba tulipofika nyumbani aliniambia, "Ukila cha watu, sikiliza maneno ya watu." Hajalizungumza tena.

Ningekuwa nimeshaamua kuiacha, kama isingekuwa simu ya mwezi Mei. Ilikuwa saa nne usiku, nikaona jina la mama mdogo. Moyo ulinidunda. Hakunisalimia sana. Akasema, "Nimelifikiria lile la giza na nuru. Si kweli. Kilichomuua mwanangu hakikuwa upungufu. Kilikuwa kitu. Nilikiona kikimtetemesha. Wenzako walioniambia ni mapenzi ya Mungu wamenifunga mdomo. Wewe uliniumiza, lakini ulinipa kitu cha kubishana nacho. Sasa nijibu."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe muda. Asubuhi nikaenda kwa mhadhiri wangu nikamweleza, bila kumtaja. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba hilo ni miongoni mwa mapingamizi mazito kuliko yote dhidi ya fundisho lile, na akanikumbusha jambo ambalo kwenye insha nililiandika kwa mstari mmoja tu. Augustino mwenyewe alipokuwa kijana alikaa na Wamani yapata miaka tisa, watu walioamini kwamba uovu ni kitu halisi, nguvu inayopigana na jema. Ilimchukua miaka kuiacha imani ile. Mama mdogo, aliyeishia darasa la saba, akiwa kati ya marobota ya mitumba Kiboriloni, alikuwa amefika peke yake mahali Augustino alipoanzia, naye alifikishwa hapo na kaburi la mtoto.

Tangu simu ile tunazungumza karibu kila wiki. Simwambii tena majibu ya insha. Namsomea Ayubu, anabisha, ananiuliza kwa nini mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki waliomtetea Yeye, akamsifu Ayubu aliyelalamika. Halafu tunaomba. Yeye huomba kwa hasira, na mimi humwitikia amina.

Maombi yangu mwenyewe ndiyo yamebadilika. Zamani niliomba kama ninavyopumua. Siku hizi nikisema "uliye mbinguni", ndani yangu kuna sauti inauliza mbinguni ni wapi. Sijaacha kuamini. Lakini yule msichana aliyesimama siku ya mnada, jogoo akiuzwa mara nne kwa ajili yake, sidhani ningeweza kumrudisha hata kama ningeiacha falsafa leo, na hilo wazee hawalijui. Nasoma kwamba Thomas Aquinas, aliyeandika maelfu ya kurasa akiunganisha Aristotle na imani, Desemba mwaka 1273 aliweka kalamu chini, akasema yote aliyoyaandika anayaona kama majani makavu mbele ya yale aliyoonyeshwa. Machi iliyofuata akafariki. Wapo wanaolitumia hilo kuonyesha kwamba alipoteza muda. Mimi najiuliza kama angeyaona yale aliyoonyeshwa bila kuzipitia kurasa zile kwanza.

Fomu ya kubadilisha masomo iko mezani kwangu, na muda wa kuirudisha ni wiki mbili tu. Nikiijaza, ada ya mwaka wa tatu ipo na amani na wazee ipo. Nisipoijaza, nitapungukiwa karibu nusu ya ada. Kufundisha watoto wa jirani jioni kunanipatia hela ya sabuni na nauli, si zaidi.

Na kuna hili jipya, ambalo hata baba hajui. Juzi mama mdogo amesikia habari ya kamati. Amenipigia akasema kiasi kitakachopungua atanitumia yeye, kwa kuwa ana akiba aliyokuwa ameiweka ya shule ya mwanawe, na haina kazi tena.

Nilizima simu nikalia.

Naomba ushauri, hasa kwa wachungaji na mapadre mliozisoma elimu hizi mbili, kwa pamoja au kwa kufuatana. Je, mlipofika sharikani na parokiani falsafa iliwafaa mbele ya jeneza, au mliiacha chuoni? Na kwa wazee wa kanisa mnaosoma hapa: je, ipo njia ya kurudi mbele ya kamati nikawaeleza haya yote, pamoja na simu za Kiboriloni, bila kuonekana mtoto aliyelishwa akaota pembe? Au niijaze fomu, nitimize deni la watu, na falsafa niifuate baada ya kubarikiwa?

Hasa hasa nisaidieni juu ya ile akiba. Mama mdogo anakuja Arusha Jumamosi kufuata mzigo, na amesema atapita hapa Usa River kunipa mkononi. Nikiikataa naogopa nitakuwa nimemfunga mdomo kama wale wengine. Nikiipokea, ni ada ya mtoto aliye kaburini. Niipokee?

Binti wa Old Moshi,
Usa River, Arusha