Shukrani kutoka kwa familia ya marehemu baba yetu, mchoraji wa Mji wa Kale, Mombasa

Assalam alaikum ndugu, jamaa, majirani na marafiki. Naandika kwa niaba ya mama, ndugu zangu, ami zetu na ukoo mzima, kuwashukuru kwa vile mlivyosimama na sisi tangu baba alipolazwa mpaka tulipoondoa matanga. Tulitaka tumpigie kila mtu simu lakini wallahi haiwezekani, watu walikuwa wengi na wengine hata majina hatukuwajua, walikuja wakatoa pole, wakakaa kwenye jamvi wakasoma Yasini wakaenda zao. Mungu awalipe kheri.

Shukrani kwa madaktari na manesi wa wodi aliyolazwa. Kwa imamu na wote waliomsalia, na waliobeba jeneza mpaka makaburini Kikowani na jua lote lile. Kwa vijana wa mtaa waliofunga turubai na kutafuta viti hata hatujawaambia. Kwa kina mama waliokuwa wakiamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri na kuchemsha mbaazi, manake sisi wafiwa tulikuwa hatujui hata sufuria iko wapi. Na nyinyi mliotuma mchango kwa simu kutoka Lamu, Malindi, Unguja, Dubai na Uingereza, umefika wote, gharama za hospitali zimelipwa na mama amesitirika alhamdulillah.

Lakini kuna shukrani nyengine ambayo ndiyo hasa imenifanya nikae niandike. Siku ya pili ya matanga alikuja nahodha mmoja mtu mzima, amekunja kitu ndani ya leso, akakifungua mbele ya mama. Ilikuwa picha ya nyumba ya nyanya yake kule Kibokoni, rangi za maji, baba aliichora zamani kabla nyumba haijavunjwa kujengwa gorofa. Roshani yote ya mbao iko, mlango wa nakshi uko, mpaka baraza na nyufa zake. Nyuma ya picha baba ameandika kwa penseli nani alikuwa akikaa pale, nyumba ilijengwa na mafundi wa wapi, na mzee gani alimpa hizo habari. Nahodha akasema nyumba haipo tena, nyanya hayupo, na aliyenichorea sasa hayupo, nikaona nije niwaonyeshe. Basi kuanzia hapo watu wakaanza kuleta, huyu ana msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe, huyu ana majahazi ya bandari ya zamani, huyu ana duka la babake pale Ndia Kuu. Sisi watoto tulijua baba anachora, hatukujua amegawa kiasi hicho. Mlitufariji kwa namna ambayo hatukuitarajia.

Kwa wasiomjua vizuri niseme kidogo. Baba alizaliwa hapa hapa Mji wa Kale wakati Ngome, yaani Fort Jesus, bado ni jela. Jela ilipoondolewa 1958 na makumbusho yakafunguliwa 1960 alikuwa kijana mdogo, akaingia ndani na daftari la shule akaanza kuchora kuta, na sidhani kama aliwahi kutoka mule ndani kimawazo. Habari za Ngome alizijua zote, kwamba Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, kwamba Waomani waliizingira karibu miaka 3 mpaka ikaanguka 1698. Lakini kitu kilichokuwa kikimuuma ni watoto wetu kupelekwa pale wakarudi wanadhani Mombasa imeanza na Wareno. Alikuwa akiwaambia msafiri Ibn Battuta wa Morocco alilala hapa 1331, miaka zaidi ya 250 kabla ya Ngome, na akaandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao imejengwa madhubuti, na mlangoni kuna kisima na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji, watu wanaosha miguu ndio waingie. Maneno hayo hayo baba aliyafanya picha. Mimi kwangu hiyo ndiyo picha yake kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna jiwe lililobaki la kuigia, ilibidi asome na awaulize mafundi wa mbao.

Kazi yenyewe alikuwa na subira nayo ya ajabu. Ukuta wa chokaa hakuupaka rangi nyeupe hata siku moja, aliiacha karatasi yenyewe iwe ndio weupe. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliomomonyoka alikuwa akipaka rangi, na kabla haijakauka anamwomba mama chumvi ya jikoni, anainyunyiza, chumvi inavuta maji, ikikauka anaipangusa na pale pamebaki vidoa vidoa kabisa kama jiwe lililoliwa na upepo wa bahari. Masika ikiingia na karatasi hazikauki alikuwa hagusi brashi, anazunguka mabarazani anauliza wazee habari za nyumba. Watoto wa mtaa walimwita babu wa rangi na yeye alilipenda jina hilo.

Sasa nina maombi. Kama unamdai baba chochote, pesa au amana, tafadhali usione haya, mwone ami yetu mkubwa pale nyumbani tulipe, tusimwache na deni. Tunajua kuna watu walimpa pesa za picha ambazo hazijamalizika, michoro ya penseli ipo, chagua kurudishiwa pesa zako au kuchukua mchoro, vyovyote moyo wako utakavyo. Na kama yeye alikuwa akikudai, mama amesema amesamehe.

Na mwenye picha yake, hatuitaki, ni yako, alikupa. Tunaomba tu uipige picha kwa simu mbele na nyuma ututumie, hasa hapo nyuma palipo na maandishi, manake tunataka kukusanya hizo habari za nyumba kabla hazijapotea. Piga karibu na dirisha bila flashi, na kama imeganda kwenye kioo usiibandue itachanika. Tena msizitundike panapopigwa na jua jamani, rangi za maji zinafifia haraka sana, ile ya nahodha imekaa vizuri vile kwa sababu miaka yote ilikuwa sandukuni.

Hitima ya arubaini itasomwa nyumbani baada ya swala ya Isha inshallah, siku tutawatangazia msikitini. Allah amrehemu baba yetu, amsamehe makosa yake, alitie nuru kaburi lake, na nyinyi nyote awalipe mema duniani na akhera. Amin.